Simba, Miiba Arobaini na Saba na Bili ya Ng'ombe

Ukimwambia mtu wa Karatu kuwa unampeleka mbwa hospitali, atakuuliza swali moja tu: "Kamng'ata nani?" Sababu nyingine haimjii kichwani. Kwetu mbwa na hospitali hukutana pale mbwa anapokuwa mtuhumiwa. Mgonjwa ni binadamu, na mbwa anasakwa na vijana wenye marungu. Mbwa kuugua yeye mwenyewe, akafunguliwa faili, akachomwa sindano, akalazwa, halafu mwenye mbwa akapewa bili, hilo majirani zangu walilisikiliza kwa huruma ya mtu anayemsikiliza jamaa aliyeanza kuongea peke yake barabarani.

Mimi ni dereva wa watalii. Kazi yangu ni kuwashusha wageni kwenye Kreta ya Ngorongoro asubuhi na kuwapandisha jioni wakiwa hai, wameridhika, na hawajaisahau bahasha yangu. Nyumba yetu iko upande wa juu wa mji, karibu na msitu wa hifadhi kuliko mama watoto anavyotaka. Tembo wakishuka kwenye mahindi tunawasikia. Nguruwe pori wakija kufukua viazi, asubuhi tunakuta mashimo. Kwa hiyo tunafuga mbwa, na mbwa huyo anaitwa Simba. Jina alipewa na shemeji yangu, Yanga damu, na wala hakuficha nia yake: alitaka kila akija kututembelea apate raha ya kupaza sauti uani, "Simba, lala chini!" na "Simba, leo umekula ngapi?"

Simba huyu hakuogopa kitu mpaka usiku alipokutana na nungunungu.

Watu wengi wanaamini nungunungu hurusha miiba. Harushi. Wageni wangu nawaambia hivyo kila siku. Nungunungu ni mstaarabu, hutoa onyo kwanza: anasimamisha miiba, anatikisa ile ya mkiani inayolia kwa kuwa ina uwazi ndani, anakanyagakanyaga ardhi, anaguna. Akiona hasikilizwi, anageuka na kurudi nyuma kwa kasi, makalio yakitangulia. Mbwa mwenye akili huondoka kwenye hatua ya mkia. Simba alingoja makalio.

Kabla hujamcheka, kumbuka kuwa mwaka 1965, huko Darajani nchini Kenya, aliuawa simba mla watu, akakutwa na mwiba wa nungunungu umezama puani. Watafiti waliochunguza mabaki yake wanaona jeraha lile huenda ndilo lililomfanya ashindwe kuwinda, akawageukia binadamu. Ikiwa simba wa kweli alishindwa na mwiba mmoja, huyu wetu wa jina tu mwenye miiba usoni, shingoni na kifuani angefanya nini? Alilia. Alilia mpaka mzee jirani akatoka nje na tochi, akammulika, akasema, "Huyo mmalize tu, kijana wangu, nitakupa mtoto wa mbwa wangu bure." Aliongea kwa wema kabisa.

Asubuhi nilikuwa na wageni, na geti la Lodoare halimsubiri mtu. Mama watoto akampakia Simba kwenye bajaji. Dereva wa bajaji alidai nauli ya watu watatu: mama, mbwa, na kiti ambacho hakuna abiria mwingine angekubali kukikalia tena siku hiyo. Wakaenda kwenye kliniki ya mifugo mjini, ambayo sitaitaja, kwa kuwa dawa ya kuku bado tunanunua pale pale.

Simu ya Dokta ilinikuta tumetua Ngoitokitok, pale kwenye bwawa la viboko ambapo wageni hula chakula cha mchana na mwewe huwanyang'anya mapaja ya kuku. Mikono ilikuwa na mafuta, nikaweka sauti ya nje.

"Bosi, Simba amekataa kulala. Amemng'ata kijana wangu. Tumemwongeza sindano ya pili."

Wageni wangu hawajui Kiswahili, lakini sinema ile ya mwaka 1994 iliwafundisha neno moja, na kwa bahati mbaya ndilo hilo. Kamera zote zikainuka. Bibi mmoja wa Ohio akasimama juu ya kiti akitafuta simba aliyekataa kulala. Nilipoeleza kuwa ni mbwa wangu na yuko hospitali, walisikitika kuliko walivyosikitika asubuhi kwa yule pundamilia aliyekuwa analiwa mbele yetu. Mmoja akaniuliza kama Simba ana bima. Nilidhani ananitania. Kumbe kwao Marekani bima ya mbwa inauzwa tangu mwaka 1982, na mbwa wa kwanza kukatiwa ni Lassie, yule wa kwenye televisheni. Nikamjibu kuwa kwetu tunaenda kwa foleni, na bima ya mama yangu mzazi bado naipigia hesabu.

Safari ilipoisha nikaenda kumchukua mgonjwa. Nilimkuta amenyolewa nusu ya uso, amenenepa, na hanitazami. Kwenye sahani yake kulikuwa na mabaki ya nyama ya ng'ombe. Nyumbani tunampa ugali na dagaa, na mifupa siku za sikukuu. Nikaelewa mara moja kuwa tatizo langu lina pande mbili.

Bili ilikuwa kwenye fomu iliyochapwa, na ni lazima niieleze fomu hiyo kwa sababu ugomvi wote ulizaliwa humo. Ilikuwa fomu ya ng'ombe. Juu iliandikwa "Jina la mfugaji", nikawekwa mimi. "Idadi ya mifugo: 1." "Aina ya mfugo": ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kuku, nyinginezo. Dokta alikuwa amezungushia "nyinginezo". "Wastani wa maziwa kwa siku": akaandika kwa mwandiko safi, "Hana."

Chini yake kulikuwa na mambo haya: kumwona daktari, shilingi 20,000. Sindano za usingizi, 35,000. Kuondoa miiba 47, kila mmoja 3,000, jumla 141,000. Dawa ya kuzuia maambukizi, 24,000. Kulala, usiku mara mbili, 30,000. Na kwa 15,000 kwa usiku, nyuma ya stendi binadamu anapata chumba chenye neti na ndoo ya maji ya moto. Chakula, 16,000. Chanjo ya kichaa cha mbwa, 10,000. Kupunguza kwato, 8,000. Na mstari wa mwisho ulioongezwa kwa kalamu: "Usumbufu, 10,000." Jumla kuu, 294,000. Kwa bei ya mnadani hao ni mbuzi wawili, na kuku wa kuwasindikiza.

Sasa nataka msomaji anielewe. Dokta si kishoka. Cheti chake kiko ukutani, amesoma SUA pale Morogoro, na anajua kabisa kuwa tangu Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 kazi hiyo ina Baraza lake linalosajili madaktari na kupokea malalamiko juu yao. Sindano alichoma, miiba alitoa, mbwa alipona. Na mimi si bahili. Kazini kwangu naona gari moja likilipiwa dola 295 ili tu literemke kreta, na hakuna anayepiga kelele. Tatizo ni kwamba hakuna kati yetu wawili aliyejua mbwa ni shilingi ngapi.

Ng'ombe ana bei. Nenda mnada wa Karatu, utaambiwa bei yake kabla hujamaliza kusalimia. Kwa hiyo daktari akimtibu ng'ombe kwa elfu thelathini, mwenye ng'ombe anapiga hesabu: mnyama wa milioni, dawa ya elfu thelathini, lipa haraka. Mbuzi naye ana bei, kuku ana bei, punda wa kubeba maji ana bei. Mbwa huja mnadani kwa miguu yake, hula utumbo chini ya meza za nyama choma, na hurudi nyumbani bila kuulizwa bei na mtu. Ukigawanya bili yoyote kwa thamani ya mnyama wa namna hiyo, jibu halipatikani.

Hata Wababeli waliukwepa mtihani huu. Sheria za mfalme Hammurabi, zilizochongwa kwenye jiwe yapata miaka 3,800 iliyopita, na jiwe lenyewe leo liko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, zinasema tabibu akimpasua ng'ombe au punda jeraha kubwa akapona, mwenye mnyama atamlipa sehemu moja ya sita ya shekeli ya fedha. Mnyama akifa, tabibu ndiye atakayemlipa mwenye mnyama sehemu ya thamani yake. Sheria nzuri, ipo wazi. Lakini ni ng'ombe na punda. Mbwa angekuwa "nyinginezo" hata Babeli.

Nikaanza na lililo jepesi. "Dokta, hizi kwato."

"Ni kucha, bosi. Fomu haina kucha."

"Na hii chanjo?" Nikatoa mfukoni cheti cha Simba. Alichanjwa bure wakati wa kampeni kijijini, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika kamba. Kwenye jambo la kichaa cha mbwa sileti utani, maana ugonjwa huo dalili zikishamtokea mtu, kupona huwa ni nadra mno. Na sisi tuliozunguka hifadhi tuna sababu ya ziada: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wetu huubeba, ulipita Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba. Kuanzia hapo mbwa wa vijiji vya upande ule wakaanza kukumbukwa kwa chanjo, kwa heshima ya simba. Dokta akakipokea cheti, lakini aliyekisoma kwa makini zaidi ni yule kijana aliyeng'atwa. Alikisoma mbele na nyuma, akakiangalia tarehe, akashusha pumzi, akaniambia, "Asante sana, mzee." Shilingi 10,000 za chanjo zikafutwa. Za usumbufu zilibaki, na kusema kweli, nikimtazama kijana yule na bandeji yake, sikuwa na la kusema.

Tukafika kwenye miiba.

"Arobaini na saba, Dokta? Mbwa mmoja?"

"Nilihesabu."

"Iko wapi?"

Hapo ndipo kliniki ilipogeuka kuwa baraza. Kwenye benchi walikuwepo mama mwenye mbuzi aliyevimba tumbo, mzee aliyemfunga punda wake mlangoni, na kaka mmoja kimya mwenye paka ndani ya kikapu. Dokta akaleta kopo la siagi, akamimina miiba juu ya kaunta. Nikahesabu kwa sauti. Mizima ilikuwa 31. Iliyobaki ilikuwa vipande 16.

"Unaona?" akasema Dokta. "Thelathini na moja na kumi na sita."

"Vipande si miiba."

"Kila kipande nilikitoa kwa koleo, bosi. Kila kimoja kina jasho lake. Na mwiba wa nungunungu una ndoano, ukiuvuta vibaya unazidi kuzama."

Angekuwa mtu mwingine angenyamaza. Mimi hapo ndipo kazini kwangu. "Mwenye ndoano ni nungunungu wa Amerika ya Kaskazini, Dokta. Wa kwetu ni mkubwa kuliko yule, lakini mwiba wake ni laini, hauna ndoano."

"Ukitaka bei ya Amerika ya Kaskazini niambie, nitaandika kwa dola."

Benchi likacheka, na nikajua nimeanza kushindwa. Nikaomba tuviunganishe vipande: mwiba wa nungunungu una mistari myeusi na myeupe, vikikutana utaona. Tukainama wote wawili kwenye kaunta, vichwa vikigusana. Mama wa mbuzi akasogea kusaidia, maana ana jicho la shanga. "Hiki kinaenda na hiki. Hapana, geuza." Mzee wa punda alibaki pale pale alipokaa.

"Kijana," akaniita, "huyu mbwa ulimnunua bei gani?"

"Shikamoo mzee. Nilipewa bure."

"Marahaba. Na nungunungu alikutoza?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbwa wa bure, miiba ya bure. Hela unayodaiwa imetoka wapi?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na hakuna aliyelijibu. Vipande 16 vilikuwa vimeungana kuwa miiba sita. Thelathini na saba, nikatangaza, si arobaini na saba; bili ipungue kwa 30,000. Dokta akadai kipande kimoja kiliangukia sakafuni, kijana akaanza kufagia, na hapo ndipo yule kaka mwenye paka alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Samahani," akasema taratibu. "Hiyo miiba mna kibali nayo?"

Tukageuka. Chini ya jaketi lake ilionekana kola ya kijani, na viatu vyake vilikuwa vya kutembelea porini. Alikuwa askari wa wanyamapori aliye mapumzikoni, amemleta paka wa watoto kwa ajili ya minyoo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 naijua vizuri, maana kila wiki nawapokonya wageni wangu vitu kwa jina lake: manyoya ya mbuni, fuvu la swala, na, naam, miiba ya nungunungu. Sehemu yoyote ya mnyamapori ni nyara ya Serikali. Na sisi tulikuwa tumezipanga nyara za Serikali mezani, mbele ya mashahidi wawili na punda, tukigombania ni nyingi kiasi gani.

Msimamo wangu wa thelathini na saba ukaniponyoka. Cha ajabu, na wa Dokta, wa arobaini na saba, ulimponyoka vilevile.

"Afande, miiba ni ya huyu bwana," akasema Dokta. "Imetoka kwa mbwa wake."

"Mimi sikuwepo, afande. Nilikuwa kreta. Nimeikuta kwenye kopo lake."

"Amekuja kuidai mwenyewe! Wote wamemsikia."

"Nimekuja kuikana, afande. Tangu nimeingia nasema ni michache. Na yeye ndiye aliyeiuza, bei iko kwenye fomu, elfu tatu kila mmoja."

Dokta aliitazama ile fomu, akaona maandishi yake mwenyewe, akaigeuza kifudifudi. Mama wa mbuzi alikuwa amesharudi kwenye benchi na kumkumbatia mbuzi wake, kana kwamba tangu asubuhi hajasogea.

Afande alicheka mpaka paka akaogopa. Alisema mbwa kuchomwa si ujangili, ila miiba ile haina ruhusa ya kukaa kaunta wala kwenda nyumbani kwa mtu, na ataipeleka yeye mwenyewe kunakohusika. Akaikusanya kwenye kopo. Akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, ni mingapi.

"Michache," tulijibu mimi na Dokta kwa pamoja.

Baada ya hapo mapatano yalikwenda upesi. Dokta akatoa fomu mpya. Kwato zikaondoka. Neno miiba likaondoka kabisa, pamoja na 141,000 zake, na mahali pake pakaandikwa "upasuaji mdogo, 45,000", bila idadi. Jumla kuu, 180,000. Nikalipa kwa simu, nikaomba risiti ya mashine, maana TRA wametufundisha wote kuwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mashine ikafikiria kwa muda mrefu. Ilipotoa karatasi, ilikuwa imeandika "Huduma ya mifugo". Mzee wa punda akaomba aione, akaisogeza mbali na macho, akaisoma hadi mwisho, akanirudishia na kusema tu, "Pole." Nadhani alimaanisha kila kitu.

Wapo watakaosema ningeuliza bei kabla. Ningemuuliza nani, na kwa kipimo gani? Mwenye ng'ombe anajua mwisho wake ni wapi: bili ikikaribia bei ya ng'ombe, anamwita mchinjaji. Mwenye mbwa hana mwisho wa namna hiyo. Mzee jirani aliona ni upuuzi kulipa hata shilingi elfu moja, na hesabu yake haina kosa. Watoto wangu waliona ni upuuzi kujadili bei wakati Simba analia, na wao pia hawakukosea. Dokta yuko katikati, na fomu ya ng'ombe mkononi, anabahatisha. Bili ya 294,000 ilikuwa ni kubahatisha kwake. Ile ya 180,000 ilikuwa ni kubahatisha kwetu sote, tukisaidiwa na Serikali.

Majuzi nilipitia pale kununua dawa ya kuku, nikakuta Dokta amebandika ukutani orodha mpya ya bei, kubwa, yenye herufi nyekundu, maana naye ni mtu wa Msimbazi na hilo jina la mbwa wangu hajalisamehe. Ng'ombe ana bei yake. Mbuzi na kondoo wana yao. Punda ana yake, kuku ana yake. Mstari wa mwisho unasema: "Mbwa: bei maelewano."

Kwa kuwa nungunungu bado yuko msituni, na Simba tangu aonje nyama ya kliniki anatoka kila usiku kumtafuta, mimi na Dokta tumeona tuanze maelewano mapema. Mwiba mzima tumeshafika elfu mbili. Vipande bado tunavutana, na afande asijue.